Kisahani Kisichotiwa Majivu

Mkuu wa kituo alikuwa na tabia ya kufunga kesi kama mtu anayefunga begi lililojaa kupita kiasi: anakalia juu yake mpaka zipu ikubali.

"Amekiri," alisema. "Unataka nini tena, Kobe?"

Inspekta alivuta kiti taratibu, akakaa. Jina la Kobe alipewa na wenzake kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata kwenye mvua, naye alilipokea bila ugomvi. Ukiitwa Kobe hakuna anayekushangaa ukichelewa.

"Amekiri nini, mkuu?"

"Kwamba alikiosha."

Mezani, ndani ya mfuko wa nailoni wenye lebo ya maabara, kulikuwa na kisahani cha majivu ya sigara. Kilikatwa kutoka kwenye kitako cha ganda la mzinga, upana wake kama kiganja cha mtu mzima, rangi yake kahawia ya chai iliyolala. Ukingoni palipachikwa maganda matatu ya risasi yaliyopasuliwa kati, ili sigara ipate pa kulala. Katikati mtu alichora kwa ncha ya msumari, nukta kwa nukta, ndege aliyegeuza shingo kutazama kushoto. Kazi kama hii ilifanywa na askari wa vita vya zamani humo humo handakini, mizinga iliponyamaza na mikono ikakosa la kufanya. Wapo watu wanaokusanya vitu hivi kama wengine wanavyofuga njiwa. Marehemu alikuwa mmoja wao, na mtaa mzima ulimwita Mzee Shaba.

Mzee Shaba alikutwa chumbani kwake, sakafuni chini ya rafu, akiwa na jeraha la umbo la mwezi mchanga juu ya sikio. Daktari alisema amepigwa na kitu kizito chenye ukingo wa mviringo. Maabara walikuta damu kidogo imejificha kitakoni mwa kisahani, kwenye tundu la fataki, pale baruti ilipowashiwa. Kwingine kote kilikuwa safi. Aliyempiga alikiosha, kisha akakirudisha mahali pake rafuni kana kwamba hapakuwa na lolote.

Mchana wa mauaji nyumbani alikuwamo mkwe wa marehemu, mke wa mwanawe wa pekee, akifua nepi uani, na mtoto mchanga. Askari alipomuuliza nani ameosha kisahani, mwanamke alijibu, "Mimi ndiye ninayeosha vyombo vyote vya nyumba hii." Askari akaandika. Mkuu akafurahi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkuu alisema, akikung'uta majivu ya sigara yake kwenye sahani ya kikombe cha chai. Kisahani halisi cha majivu ofisini mle hakikuwapo, kwa hiyo chombo chochote kilichokuwa karibu kilipewa kazi hiyo. "Kesho asubuhi anapanda mahakamani. Mtoto wa chekechea angeielewa kesi hii."

"Basi nipe mpaka jioni, mkuu. Mimi si mtoto wa chekechea, naelewa polepole."

Mkuu alicheka, na kwa watu wa aina yake kicheko ni ruhusa.

*

Mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mikono mapajani, viganja vikitazama juu. Hakuwa akilia. Askari wa zamu alisema hajalia tangu aletwe, na kwa askari wengi mwanamke asiyelia ana hatia nusu tayari. Kifuani blauzi yake ilikuwa na madoa mawili makubwa ya maji. Maziwa yalikuwa yakimtoka na hakuwa na habari nayo.

"Mtoto yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwa baba yake."

"Hajaletwa anyonye?"

"Hajaletwa."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Inspekta aliweka mezani vitu viwili: ganda la risasi kubwa lililokuwa likishikilia mlango wa stoo ya kituo usijifunge, limeota weusi wa miaka, na beseni la maji.

"Nataka unioshee hiki. Kama unavyoosha vyombo kwako."

Mwanamke alilitazama lile ganda, kisha akamtazama yeye.

"Ni la shaba hili, afande?"

"La shaba."

"Basi maji peke yake hayatoshi. Kuna majivu? Na limau, kama lipo."

Majivu yalitoka kwenye jiko la mama anayewapikia askari, na limau likatoka mle mle. Mwanamke alikunja mikono ya blauzi, akakata limau kwa meno, akalichovya majivuni na kuanza kusugua. Mikono ilifanya kazi peke yake. Uso ulikuwa kwingine. Weusi ukatoka. Kahawia ikafuata. Alipolisuuza lile ganda na kulifuta kwa upindo wa kanga, liling'aa mpaka askari wa zamu akachungulia mlangoni kutazama.

"Nani alikufundisha kuosha hivi?"

"Mama yangu. Shaba isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba." Akaliweka ganda mezani. "Ndicho kilichoniponza."

"Kivipi?"

"Wiki ile niliyoolewa nilitaka kumfurahisha baba mkwe. Nikashusha chombo chake cha maua, kile cha ganda la mzinga, nikakisugua asubuhi nzima. Kikawa kama dhahabu. Baba aliporudi akakaa chini. Hakunigombeza. Alisema nimefuta miaka yote iliyokuwa juu yake." Aliyasema hayo bila kupandisha wala kushusha sauti. "Tangu hapo kila mgeni akija anaonyeshwa. Hii ndiyo kazi ya mkwe wangu, anasema, asiyejua maana haambiwi maana. Wageni wanacheka. Mimi naleta chai."

"Ulimchukia?"

"Nilizoea."

"Na rafu ile, huwa unaifuta vumbi?"

"Nimekatazwa. Baba alisema vumbi ni blanketi lao, mtu hamvui mgonjwa blanketi. Mimi naishia mezani. Namjazia jagi la maji ya kunywa, namtolea majivu, basi."

"Majivu gani? Nilisikia aliacha sigara zamani."

"Alizirudia. Daktari alimwambia mapafu yamekwisha, akasema basi hakuna cha kuyawekea akiba. Alikuwa akitia majivu kwenye kifuniko cha kopo la jamu."

"Hakutia kwenye visahani vyake?"

Kwa mara ya kwanza kitu kama mshangao kilipita usoni mwake.

"Afande, vile si vya majivu."

Inspekta alichukua ganda lililong'aa akalitia mfukoni. Mkono wa huyu mwanamke ulikuwa na namna moja tu ya kuosha shaba, nayo ilikuwa mfukoni mwake ikimulika. Kisahani cha mezani kwa mkuu kilikuwa bado na kahawia yake yote. Aliyekiosha alijua kwamba kahawia ile haiguswi.

Bado lakini, mtu aliyechekwa kwa miaka anaweza kuwa amejifunza. Inspekta aliomba kile kisahani, kilichokuwa kimekwisha kurudishwa stoo ya vielelezo, akasaini, akaondoka kwa mwendo wake ule ule.

*

Mwana wa marehemu alikuwa dereva wa lori, na kifo kilimkuta barabarani. Alifungua mlango akiwa na mtoto begani na chupa ya maziwa ya kopo mkononi. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka. Sasa alikuwa akifungua mdomo tu.

"Hataki chupa," dereva alisema.

"Ningekuwa mimi ningempeleka kwa mama yake. Kituo hakiko mbali."

"Inspekta, mwanangu hanyonyi kwa muuaji."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyelirudia moyoni njia nzima mpaka likapoteza ladha. Inspekta aliomba kuonyeshwa chumba cha marehemu.

Rafu ilichukua ukuta mzima. Kulikuwa na vyombo vya maua vya maganda ya mizinga, viuno vyao vimebanwa kwa nyundo. Viberiti vilivyotengenezwa kwa risasi. Kisu cha kufungulia bahasha kilichotokana na utepe wa shaba unaozunguka kombora. Safu ya chini ilijaa visahani vya ukumbusho, vya hoteli zilizofungwa na meli zilizokwisha kuzama, kila kimoja na picha yake. Vyote vilikuwa na vumbi la kuandikwa jina kwa kidole. Chombo kimoja tu cha maua kiling'aa katikati yao kama jino la dhahabu, na Inspekta hakuhitaji kuuliza kilisuguliwa na nani.

Kwenye safu ya kati palikuwa na duara safi lisilo na vumbi. Hapo ndipo kisahani cha ndege kilipokaa.

Inspekta alikitoa mfukoni, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Juu ya ile kahawia palikuwa na utando mwembamba, laini, uliopakwa kwa kuzungusha kidole. Alikikwaruza kwa ukucha. Nta. Akainusa: nta ya nyuki, na nyuma yake harufu nyingine kavu aliyoifahamu kila Jumatatu asubuhi akijiandaa kwa gwaride. Rangi nyeusi ya viatu.

"Baba yako alikuwa akipaka nta vitu vyake?"

"Nta?" Dereva alitikisa kichwa. "Baba alisema nta ni vipodozi. Alikuwa na ugomvi nayo kabisa. Yeye hakutaka kitu kiguswe."

"Ugomvi na nani?"

"Na wenzake wanaokusanya. Wapo wa nta, wapo wa vumbi. Wanaweza kubishana mpaka chakula kipoe."

Inspekta aliinama mezani. Jagi la maji ya kunywa lilikuwa tupu, na kando yake kifuniko cha kopo la jamu chenye vipisi vya sigara. Mkwe hujaza jagi lile kila mchana. Mzee mwenye mapafu mabovu hamalizi jagi zima kwa mkupuo. Mwanamke mwenye bomba uani hana haja ya kuoshea kitu kwa maji ya jagi. Ni mgeni asiyetaka kupita uani, ambako mtu anafua nepi, anayeosha kwa maji yaliyomo chumbani na kuyamwaga dirishani.

Alitoa kichwa nje. Chini ya dirisha, kwenye udongo uliokwisha kukauka na kupasuka, kulikuwa na alama ya maji yaliyomwagwa na kipisi kimoja cha sigara kilichovimba.

Kipisi kile alikitazama kwa muda mrefu. Vingine vyote vilikuwa kwenye kifuniko. Kwa nini hiki kimoja kilitoka na maji?

"Rafiki yake mkubwa ni nani, katika hao wa nta?"

"Fundi Viatu. Hakuwa rafiki, alikuwa ndugu. Kila wiki yuko hapa. Na siku ile alikuja akabisha hodi, hakuna aliyemfungulia, akarudi. Alituambia mwenyewe." Dereva alimhamisha mtoto bega la pili. "Inspekta, Fundi ndiye aliyemwosha baba kabla ya kumzika. Kwa mikono yake."

"Najua," Inspekta alisema, ingawa hakuwa akijua.

*

Fundi Viatu alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, kimejaa harufu ya ngozi na gundi. Viatu vya watu vilining'inia kwenye misumari, viwili viwili. Mwenyewe alikaa kwenye kigoda, aproni ya turubai kifuani, akivuta uzi juu ya donge la nta jeusi lenye mifereji. Pembeni palikuwa na beseni la maji ya kulowekea ngozi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Soli imekwisha?"

"Bado inanivumilia. Nimekuja kwa habari ya rafiki yako."

"Kaa."

Inspekta alikaa kwenye kiti cha wateja. Ukutani, juu ya kichwa cha fundi, palikuwa na kibao kidogo, na juu ya kibao kisahani kimoja tu: kahawia, maganda matatu ya risasi ukingoni, ndege katikati. Ndege huyu alitazama kulia. Hakuwa na chembe ya vumbi.

"Kumbe viko viwili," Inspekta alisema.

"Mzinga mmoja, maganda mawili. Baba yangu ndiye aliyevichora. Walimchukua kubebea mizigo ya vita, wakaishia kumpa bunduki, akarudi na vidole saba na hivyo viwili." Fundi alivuta uzi. "Njaa ilipoingia akauza kimoja kwa mpita njia. Mimi nilikuwa mdogo. Alisema ameuza ndege mmoja, na aliyebaki atakuwa akimtafuta."

"Ukampata kwa Mzee Shaba."

"Aliniletea viatu, nikampelekea nyumbani. Nikainua macho rafuni." Akamtazama ndege wa kibaoni. "Nilimwomba aniuzie. Akasema mtu akiuza kimoja atauza vyote. Akasema, Fundi, siku nikifa utamchukua mwenyewe. Basi nikawa naenda kumtazama kila wiki. Ndivyo urafiki ulivyoanza."

"Na siku ile?"

"Nilibisha hodi, hakuna aliyefungua."

Jibu lilitoka limenyooka, kama lililowekwa tayari kwenye kalibu ya kiatu. Inspekta akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisahani.

"Maabara wamemaliza nacho. Nilitaka uniambie kama ndicho."

Alikinyoosha juu ya beseni. Mkono wa fundi ulipoinuka kukipokea, kisahani kikamponyoka Inspekta kikazama majini. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuangusha hata kijiko, lakini fundi hakulijua hilo.

Fundi alikuwa amekwisha kukitoa kabla mawimbi hayajatulia. Alikikung'uta mara mbili. Akakifuta kwa upindo wa aproni, juu, chini, ndani ya kila ganda la risasi. Kisha mkono wa kulia ukaliendea donge la nta, kidole gumba kikalisugua mpaka likalainika, na kidole kikaanza kuzunguka juu ya shaba, polepole, kutoka ukingoni kwenda katikati, mpaka kwenye shingo ya ndege. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Hawakusema ni taabu ya nani.

Mahali fulani kwenye mzunguko wa tatu au wa nne, fundi alitambua anachofanya. Inspekta aliiona saa ile ikipita machoni pake. Kidole hakikusimama. Kilimaliza ndege, kikamaliza mkia, kikarudi ukingoni.

"Mzee Shaba hakupaka nta," Inspekta alisema.

"Hakupaka."

"Lakini hiki kilikutwa kimepakwa. Nta ya nyuki yenye weusi wa viatu."

"Ukikiacha na maji kinaota kijani," Fundi alisema. "Kijani kikiingia hakitoki. Na nta mimi natembea nayo mfukoni."

Nje mtu alipita akiuliza kama viatu vyake viko tayari. Fundi akamjibu kesho. Kisha akakiweka kisahani mapajani na kukunja mikono juu yake.

"Alinifungulia mwenyewe," alisema. "Mkwe alikuwa uani anafua, hakunisikia. Tukakaa kama siku zote. Akawasha sigara. Akanyoosha mkono rafuni akakishusha hiki. Nikadhani anataka tukitazame. Akatia majivu."

"Kwenye kisahani cha majivu."

"Kwenye ndege."

Fundi aliinua viganja kutoka juu ya kisahani, ndege akaonekana.

"Kifuniko chake cha kopo kilikuwa pale pale, karibu na kiwiko. Nikamwambia, ndugu yangu, hicho hakijatiwa majivu tangu baba alipokitengeneza. Akacheka. Alikuwa amechoka, nadhani. Akasema, Fundi, kitu hiki kiliumbwa kwa ajili ya majivu, mimi na wewe tumekuwa wajinga maisha yetu yote. Nimebakiza siku chache, acha nivitumie. Kisha akaizima sigara kwenye jicho la ndege." Alikigeuza kisahani kwenye mwanga. "Ukitazama vizuri alama utaiona. Haitoki."

"Ukampiga."

"Sikumbuki kukichukua. Nakumbuka kilikuwa kizito kuliko nilivyozoea. Mara mkono wangu ukawa nacho, na yeye chini."

"Ukachukua jagi, ukaosha damu, ukamwaga dirishani."

Fundi aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana.

"Damu? Damu sikuiona mimi. Niliosha majivu."

Barabarani pikipiki ilipita, viatu vya ukutani vikatikisika kwenye misumari yao. Inspekta aligundua kwamba mguu wake wa kushoto umekufa ganzi, na kwamba hakumbuki tangu lini.

"Kwa nini hukukichukua?"

"Alisema akifa. Nilipokuwa naosha sikujua kama amekufa. Na mimi si mwizi."

"Ulisikia mkwe wake amekamatwa?"

"Nilisikia."

"Ana mtoto anayenyonya. Ukafanya nini?"

"Nikashona viatu." Fundi alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kigoda alichoinukia. "Nilikuwa nangoja nihisi kitu, mwanangu. Nilisema nikihisi tu nitakwenda kituoni. Nikamwosha rafiki yangu nikasema labda sasa. Nikamshusha kaburini nikasema labda sasa. Mpaka leo naangalia mikono yangu hii naona mikono tu."

Alishusha ndege wa pili ukutani mwenyewe, akamkabidhi Inspekta. Alifunga mlango kwa kufuli na kuacha ufunguo kwa jirani, kwa sababu viatu vya watu vilikuwa ndani.

*

Jioni ile vielelezo viwili vililala mezani kwa Inspekta, bila mifuko, vikisubiri lebo. Kwa kuwa meza ilikuwa ndogo viliwekwa ubavu kwa ubavu, na ndege wa kushoto akamtazama wa kulia, na wa kulia akamtazama wa kushoto. Fundi Viatu, pingu mikononi, alikuwa amekaa mbele yao akingoja kusaini maelezo yake. Hakuvitazama sana. Alivitazama mara moja, kisha akatazama sakafu, kama mtu aliyefika kwenye nyumba aliyoitafuta siku zote akakuta mlango umefungwa.

Mkuu wa kituo aliingia na sigara yake.

"Kobe! Nimesikia! Kumbe polepole nako kunafika!" Alikuwa mtu wa furaha, na furaha ilimpeleka mpaka ukingoni mwa meza. Majivu ya sigara yalikuwa marefu. Akapeleka mkono, bila kutazama, kwenye chombo kilichokuwa karibu.

Pingu za fundi zililia. Alikuwa ameinuka nusu, mikono imenyooshwa kuelekea kwa ndege.

Inspekta aliweka kiganja chake juu ya ndege. Majivu yakaangukia mkononi mwake.

"Ni vielelezo, mkuu."

"Si visahani vya majivu hivi?"

Mkuu alitazama mkono wa Inspekta, akamtazama mzee aliyekuwa akitetemeka, akaizima sigara kwenye soli ya kiatu chake na kutoka bila neno. Fundi alikaa, akainamia meza na kuanza kumwita Mzee Shaba kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Inspekta alimwacha aite. Maelezo yangesainiwa baadaye.

Alitoka barazani kunawa majivu. Kwenye benchi alimkuta mkwe, ameachiwa, mfuko wa plastiki wenye vitu vyake miguuni. Mumewe alikuwa amesimama mbele yake na mtoto mikononi. Inspekta ndiye aliyempigia simu, maneno mawili tu, "Mlete mtoto." Dereva alikuwa amemleta, na sasa hakujua amkabidhi vipi.

"Nilikosa," dereva alisema. "Mama yake, nilikosa sana."

Mwanamke alinyoosha mikono, naye akampa. Alifungua kifungo cha blauzi, iliyokuwa imekauka na kukakamaa kama karatasi. Mtoto aligeuza uso, akalia ile sauti yake iliyokauka, akageuza tena. Mara ya tatu akashika.

Mwanamke akashtuka na kuvuta pumzi.

"Nini?" dereva alisema. "Kuna nini?"

"Inauma," alisema, kwa mshangao, kama mtu aliyekumbushwa jina la kijiji alichozaliwa. "Maziwa yamejaa. Inauma."

"Nimwite daktari? Afande, hapa kuna—"

"Hapana," mwanamke alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka sasa, yakidondoka kichwani kwa mtoto, na hakuyafuta. "Acha iume."